Ndege za Baba Ninazozimalizia Mimi

Jumapili, 8 Juni 2025

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mama hajui. Pendo ninayekaa naye dawati moja hajui. Hata nikisali nalikwepa kama shimo la njiani. Ndege za Baba, zile mbili za mwisho kwenye rafu, hakuzimaliza yeye. Nilizimaliza mimi.

Limetoka. Halijapunguza kitu.

Shuleni tunaandika diary kwa Kiingereza na madam anazikusanya. Ile ni ya madam. Hii ni yangu. Kwa Kiingereza mambo haya yanakuwa kama yamempata mtu mwingine.

Baba ni tabibu wa macho. Watu wanamwita Dokta Emilian, yeye anasema tabibu inatosha. Ametoa mtoto wa jicho kwa wazee wa Singida hii mpaka sokoni hatuwezi kununua nyanya bila mtu kumshika mkono na kumwombea. Na akirudi nyumbani anaunga ndege za plastiki. Si ndege zozote. Jeti za kwanza zilizotua juu ya meli, za miaka ya arobaini na hamsini. Zinakuja vipande vipande kwenye boksi, vidogo kama mbegu za alizeti, unavikata, unavipiga msasa, unaviunga kwa gundi, unapaka rangi. Hapa hakuna duka linalouza kitu kama hicho. Alikuwa anazileta Dokta Murray, Mskoti aliyekuja kila mwaka kwenye kambi za macho. Alisema mkono wa upasuaji ukikaa bure unazeeka. Wakawa wanaunga wawili, jioni kambini, wanabishana kuhusu rangi. Alipofariki kipindi cha corona, mjane wake alituma katoni moja. Ya mwisho.

Mwaka jana mkono wa kulia wa Baba ulianza kutetemeka. Kwanza kidole. Januari akaomba likizo kazini, akawaambia ni mgongo. Mgongo wake hauna kitu. Mama alimwomba waende Dodoma akapimwe. Alisema atakwenda. Hajaenda.

Likizo ya Pasaka nilikuta Sea Hawk mezani, ndege ya Waingereza. Kioo cha rubani, kale kakofia kaangavu, kamejaa gundi. Alama ya kidole katikati, nyeupe. Kama jicho lenye mtoto. Baba alikuwa amelala, dawa za presha humlaza mchana. Nikakang'oa kwa wembe, nikakasugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha miwani mpaka kakang'aa, nikakarudisha. Nilitaka tu asione aibu.

Alipoamka alikashika, akakageuza kwenye mwanga wa dirisha. Muda mrefu. Kisha akaanza kuimba, polepole, wimbo wa kanisani. Baba hakuwa ameimba tangu Krismasi.

Ningemwambiaje baada ya hapo?

Ya pili, Banshee, nusu nzima ni kazi yangu.

Jumanne, 10 Juni

Shule imefungwa. Upepo wa hapa kwetu Unyambwa unaingia hata kwenye soksi. Mama yuko uani na mashine ya kukamua alizeti tangu asubuhi, nyumba nzima inanuka mafuta mapya.

Baba amefungua boksi la mwisho. Panther. Alilipapasa kwanza kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua. Kisha wakati wa kula akasema, hakumwangalia mtu: "Mama Peniel, hii nikiimaliza bila kosa, narudi kazini."

Mama akamwambia ale kwanza, ugali unapoa.

Mchana nilikaa naye, kazi yangu kumshikia taa. Anapounga huwa anasimulia, na mimi ambaye darasani nikiulizwa swali naangalia viatu, kwake nauliza. Panther ilipakwa bluu nzito, karibu na nyeusi. Mabawa yamenyooka, yana matanki ya mafuta kwenye ncha, na yanakunjwa juu ili meli ibebe nyingi. Ilikwenda vita ya Korea mwaka 1950. Ilizidiwa mbio na MiG zenye mabawa yaliyolala nyuma. Lakini ilikuwa ngumu, anasema, ilipigwa na bado ikarudi.

Shida ilikuwa kurudi. Jeti za mwanzo zilikuwa nzito kuitika. "Ukiongeza mafuta, injini inafikiri kwanza." Na sitaha ya meli ilikuwa fupi, imenyooka, mbele kuna ndege nyingine zimepaki na watu wamesimama. Unashusha ndoano ya mkia, unaomba inase waya. Mwisho wa sitaha anasimama mtu na vibao viwili mikononi. Yeye anaona usichokiona. Akivipunga juu ya kichwa, unaondoka bila kutua; akipitisha kimoja shingoni, unazima injini utue. Hubishi, hata kama wewe una cheo na yeye hana.

"Na ukishazima injini?"

"Ukishazima umezima."

Baadaye Waingereza wakaipinda njia ya kutua kidogo, ikaelekea pembeni ya meli badala ya mbele. Ukikosa waya unapaa tena, unazunguka, unajaribu upya. Baba anaona hicho ndicho kitu kikubwa kuliko injini zote. Mstari tu uliopindwa. Halafu kipande kikamdondoka, akasema gundi ya siku hizi ni maji.

Tukakitafuta chini ya meza. Tukiwa huko wawili kwa magoti akasema: "Jicho halina njia ya pembeni, Peniel. Ukishaingia umeingia."

Nilimpa kipande. Alipokwenda kulala nilirekebisha kiti cha rubani. Kilikuwa kimegeukia nyuma.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya jambo baya sana na sikujua.

Alikuja Dokta Mazengo, kijana aliyefundishwa na Baba, sasa ndiye anayepanga kambi za macho. Nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Dokta. Umepotea."

"Nimefuata kuku wa Mama Peniel. Habari za kazi ni kisingizio."

"Kuku wanamfahamu mgeni. Angalia, wote wamejificha."

Wakacheka. Nikapeleka chai. Baba alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia, ameegemea upande, kama mtu mwenye mgongo kweli. Dokta Mazengo alikuwa mbele ya rafu. Ndege zote zipo pale, kuanzia Sea Vampire yenye mikia miwili, ndugu wa ile jeti ya kwanza kutua juu ya meli, Desemba 1945, hadi Cutlass isiyo na mkia, ambayo robo ya zilizotengenezwa ziliishia kwenye ajali. Akainua Banshee.

"Hii umeimaliza lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na kuna watu wanasema mkono wa Mzee umechoka."

"Nani kasema?"

"Watu. Si unawajua." Akaisogeza karibu na macho. "Mtu aliyechoka hawezi kuweka hiki kinyota. Hata mimi siwezi."

Kinyota kile. Stika zake zinalowekwa kwenye maji ndipo zinateleza, na ile ilichanika mkononi mwa Baba. Nilikichora mimi, kwa brashi niliyoinyoa ikabaki nywele chache.

Kumbe daktari mmoja wa timu yao amekwenda masomoni na kambi ya Iguguno inaanza Jumatano tarehe 25. Wazee wamejiandikisha kutoka wilaya yote ya Mkalama. Akasema Mzee aje afanye wachache tu, akichoka apumzike.

Baba akageukia meza yake. "Nipe nimalize Panther."

"Mzee, huo ni utani?"

"Kazi sijawahi kuitania."

Chai yake haikuguswa mpaka mgeni alipoondoka na kuku wake. Ndipo akakishika kikombe kwa mikono miwili na kukiinamia, kama ng'ombe kwenye birika la kunyweshea.

Mimi nilidhani nakificha kidonda. Kumbe nilikuwa natoa cheti.

Ijumaa, 13 Juni

Sijala. Nimesema ni tumbo.

Jumamosi, 14 Juni

Baba alimpigia simu Bibi Martina, mama yake, anaishi Iguguno. Aliweka sauti kubwa kwa sababu kushika simu sikioni kunamsumbua.

Bibi ana jicho moja. La kulia lilichomwa na mwiba wa mgunga akiwa msichana, likafa. La kushoto lina mtoto wa jicho, kila mwaka linazidi, sasa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha anayeingia. Kila kambi anaambiwa aje, kila kambi anakataa: jicho lake litaguswa na mwanawe au lisiguswe. Na Baba kila mwaka anasema mtu hamkati mama yake, aje mwingine. Wamekaa hivyo, mbuzi wawili kwenye daraja.

Leo Baba akasema: "Safari hii nitakufanya mwenyewe, Mama."

Bibi akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Akasema kwa Kinyiramba kwamba atakoga siku mbili mfululizo.

Mama alikuwa mlangoni na chujio la mafuta. Linachuruzika sakafuni. Hakuliona.

Kwa nini yeye wa kwanza? Nimelifikiria siku nzima. Nadhani Baba anaona muda unamwishia, hataki jicho la mama yake libaki deni. Au anataka kujithibitishia kwa kitu kisichoweza kubishiwa. Sijui. Huwezi kumuuliza Baba kitu kama hicho.

Jumapili, 15 Juni

Mchungaji aliombea kambi. Akamtaja Baba kwa jina, akaomba Bwana aibariki mikono ya mtumishi wake. Kanisa zima likasema amina. Baba alisimama, mkono wa kushoto umeubana wa kulia, watu wakaona ni unyenyekevu.

Mimi mdomo haukufunguka.

Jumanne, 17 Juni

Leo sikuigusa Panther.

Baba aliunga bawa la kushoto asubuhi. Limekaa upande, gundi imetiririka hadi kwenye tumbo la ndege na kuyeyusha plastiki. Ndoano ya mkia imevunjika. Alikwenda kulala bila kuangalia sana, kama siku hizi anavyofanya. Anaacha kazi ikauke, akiamka anaikuta nzuri.

Nilikaa kitandani kwangu na mikono chini ya mapaja. Nilisikia mashine ya Mama. Nilisikia jogoo. Nilijua wembe uko wapi, dawa ya meno iko wapi. Nikabaki.

Saa kumi akaamka. Kiti kikavutwa. Nilichungulia. Alikuwa ameinyanyua, anaiangalia, nayo inatetemeka mkononi kana kwamba injini imewaka. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akaiweka mezani, akatoa leso mfukoni, akaifunika.

Wakati wa kula akamwambia Mama: "Mpigie Mazengo. Mwambie atafute mtu mwingine."

Kwisha. Bibi yuko salama. Nilienda chooni nikalia, sijui kwa furaha au kwa nini.

Jumatano, 18 Juni

Hajanyoa ndevu. Hajatoka chumbani. Ameangalia ukuta. Nilimpelekea uji akasema weka hapo mwanangu. Jioni niliutoa umeganda.

Mama hajapiga simu kwa Mazengo. Anasema mtandao.

Alhamisi, 19 Juni

Sitaki kuandika hili, naandika haraka.

Asubuhi Mama alimkuta amekaa kitandani, kopo zima la vidonge vya presha amelimimina kwenye shuka. Alisema anaangalia kama vimepita muda wake. Mama alivikusanya kimoja kimoja. Dawa zote za kabatini amezihamishia kwenye debe la unga.

Kisha akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mikono yake imejaa mafuta.

"Dawa ya meno inaisha kila wiki," alisema. "Na hakuna mtu humu ana meno meupe hivyo."

Nikaficha vidole vyangu chini ya shuka.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu ile ya kijani."

Ile ya Waingereza si ya kijani, ni kijivu juu, lakini sikumrekebisha. Kumbe tulikuwa wawili kwenye uongo mmoja, kila mtu na mlango wake.

Akasema: "Imalizie."

"Na Bibi?"

"Nitazungumza na baba yako mimi. Akishapata nguvu kidogo, nitamwambia taratibu habari ya kambi. Sasa hivi hana pa kusimama, Peniel. Mtu humdai kodi huku nyumba yake inawaka."

Nikafanya. Nikaling'oa bawa, nikapiga msasa pale palipoyeyuka, nikalinyoosha, nikatengeneza ndoano mpya kwa waya wa klipu. Nikapaka bluu. Mikono yangu ilitulia kabisa. Hilo ndilo linaloniogopesha, ilitulia kama haijui inachofanya. Nikairudishia leso yake.

Ijumaa, 20 Juni

Mama alimwingiza sebuleni kwa kumshika kiwiko. Akafunua leso mwenyewe.

Baba akaitazama Panther. Mabawa sawa, nyota mahali pake, ndoano chini ya mkia.

"Hii ilivunjika," alisema.

"Uliinuka jana jioni," Mama akasema, "ukakaa nayo hapo mezani muda wote. Hukumbuki? Dawa hizo zinakuchanganya. Mimi nilikuletea maji."

Sijawahi kumsikia Mama akidanganya. Anadanganya vizuri. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kumkumbusha mtu alikoweka funguo.

Baba alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa naangalia mkeka. Kisha akaitazama ndege tena.

"Kumbe," alisema.

Amenyoa. Amekula. Amempigia Mazengo mwenyewe, amemwambia aandae darubini yake ya zamani ya upasuaji, hataki ile mpya.

Jumapili, 22 Juni

Nilimfuata Mama kwenye mashine.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Tunaondoka kesho, Mama."

"Nimesema bado. Mazengo atakuwa pembeni yake. Akiona mkono haufai, atashika yeye."

"Bibi hatakubali Mazengo."

"Mungu yupo."

Sijui ulinitoka wapi ujasiri. Nilisema: "Mungu ndiye atakayeshika kisu?"

Nilingoja kofi. Halikuja. Uso wake ulizeeka mbele yangu, pale pale. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye anayelala naye. Yeye ndiye anayesikia anavyopumua. Nikitaka kumwambia nimwambie mimi, mikono ni yangu, uongo ni wangu, yeye amebeba maji tu. Kisha akawasha mashine na hatukusikilizana tena.

Ni kweli. Mikono ni yangu.

Jumatatu, 23 Juni

Iguguno. Tumekuja na gari la hospitali, mimi na Baba tu. Mama amebaki, ana magunia ya watu. Kwaheri yake ilikuwa fupi. Hakunitazama.

Baba aliipakata Panther njia nzima ndani ya boksi la viatu. Anataka kuwaonyesha manesi. Mara mbili alifungua kifuniko akachungulia, akafunga. Hakuimba.

Bibi alikuwa mlangoni anatusubiri. Nikapiga goti, shikamoo Bibi, akasema marahaba na kunivuta, akanipapasa uso kwa viganja vyote. Vigumu kama gome. "Pua ni yangu au ya mama yako?" aliuliza. "Watu wananipa majibu tofauti. Alhamisi nitaangalia mwenyewe."

Baba akampa ndege aishike. Akaipima uzito, akauliza inatua wapi. Juu ya meli, Mama, baharini. Bibi akasema kitu kinachotua juu ya maji ni bata, wasimdanganye. Tukacheka wote watatu. Nilicheka kupita kiasi, maana nilijua kinachofuata ni kulia.

Nalala chumba kimoja na Bibi. Jicho lake la kushoto halifungi vizuri. Hata akilala kuna mstari mweupe. Ameniambia bado anauona mwanga wa mlango kila asubuhi, na hiyo inamtosha kujua kumekucha. Nikawaza: hicho kidogo ndicho alichonacho. Hicho kidogo ndicho kinachokwenda kukatwa.

Jumanne, 24 Juni

Kesho asubuhi. Bibi ni wa kwanza kwenye orodha, ameomba mwenyewe.

Leo walipima macho ya watu zahanati. Foleni ilifika kwenye mti wa mjohoro. Nilikuwa nawashika wazee mkono kuwapitisha mlangoni. Kila mmoja akiambiwa huyu ni binti wa Dokta Emilian alinibariki. Baba hakushika kifaa chochote. Alisimama nyuma, mikono mfukoni, anatoa maelekezo. Mazengo anamheshimu mno hata haoni. Manesi waliizunguka Panther kwenye meza ya usajili. Sista Catherine, nesi mkuu, akasema mwenye vidole hivi angeweza kumshonea malaika bawa. Nikaona taya la Baba linacheza.

Nilijaribu mara tatu leo. Mara ya kwanza Mazengo akaingia. Mara ya pili nilifungua mdomo nikasema: "Baba, unataka chai?" Mara ya tatu sikufungua mdomo.

Nikimwambia na akarudi kwenye lile shuka na vidonge vyake? Nisipomwambia na Bibi akaamka keshokutwa, wakamfungua bandeji, akauliza mbona mlango haujafunguliwa? Nimeyapima. Hayalingani, na hayapimiki. Mama alisema mtu humdai kodi nyumba yake inawaka. Lakini nyumba yenyewe mimi ndiye ninayeitia kuni, kila siku, kwa brashi ya nywele chache.

Sasa jua linazama. Niko chumbani kwa Bibi, nimekalia gunia la alizeti. Baba na Bibi wako upande wa pili, sebuleni, wanaendelea na mazungumzo yao ya Kinyiramba. Wanadhani mtoto wa shule ya Kiingereza hasikii. Nasikia yote. Kujibu ndiko kunanishinda.

Baba amemuuliza: "Mama, jicho hili likiharibika, utanilaumu?"

Bibi: "Kwani nani kakwambia litaharibika?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Daktari huwa haulizaulizi tu usiku wa kuamkia kazi. Mkono wako una nini?"

Naandika bila kuangalia mistari.

Baba: "Ulikuwa umechoka. Sasa umepona."

"Umejuaje umepona?"

"Kwa ndege ile. Iliharibika nikaitengeneza."

"Vizuri."

"Mke wangu anasema niliitengeneza."

Kuku wanapanda mtini kulala, nawasikia wanavyogombania matawi.

"Anasema?" Bibi ameuliza. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi sikumbuki, Mama."

"Basi mbona unaniuliza mimi nisiyeona? Kamuulize mtoto. Alikuwa ndani ya nyumba."

Baba anakohoa. Sauti yake haijawahi kuwa ndogo hivi. Amesema: "Nimeogopa kumuuliza."

Baba ameogopa. Mimi nilidhani woga wote wa nyumba ile ni wangu.

Kiti kimelia. Ameinuka. Ile kandambili ya kushoto inaburuta, ya kulia inagonga. Anasimama. Labda amebadili mawazo. Hapana, anakuja.

Nina sentensi ya kwanza tu. *Baba, mimi ndiye.* Ya pili sina, na sijui uso wake utakuwaje baada ya ya kwanza. Maadamu nashika kalamu nina kitu cha kushika. Nikilifunga hili daftari na kulisukuma nyuma ya gunia, mikono yangu itabaki mitupu, na atakayeingia atataka kuiona.

Amegonga. Baba hajawahi kugonga mlango wangu.

Nalificha.